Skrini Iliyosahau Kazi Yake

Msimu ule mvua ilikataa kwisha. Mahindi ya Trans-Nzoia yalikuwa yamekomaa, mengine yamekwisha vunwa, na bado kila alasiri mawingu yalishuka kutoka upande wa Mlima Elgon yakamwaga maji juu ya kila kitu. Asubuhi wakulima walitandaza mahindi juu ya maturubai, na kabla hayajapata joto la maana walikuwa wanakimbia kuyakusanya. Ndiyo maana draya, mashine ya kukaushia mahindi, ya ghala moja nje kidogo ya mji wa Kitale ilipogoma, niliitwa kwa haraka kuliko nilivyozoea kuitwa.

Kazi yangu ni mitambo inayoongoza mashine. Kampuni iliyoniajiri ilikuwa na ofisi Eldoret, lakini mimi nilipangiwa upande wa Bungoma na Kitale, peke yangu, nikiishi katika chumba cha kupanga karibu na chuo kikuu, Kibabii. Majirani zangu wote walikuwa wanafunzi. Waliniita madam kwa sababu walidhani ninafundisha, na sikuwahi kuwasahihisha maana hakuna aliyesimama muda wa kutosha. Chuo kikifungwa, ploti nzima tulibaki mimi na kamba za kuanikia nguo. Zamani nilikuwa nimeolewa Ndalu. Ndoa iliisha bila ugomvi, kila mtu akachukua vyombo vyake. Ndugu zangu wako Nairobi, na nikiwaandikia ujumbe mrefu hunijibu kwa picha ya kidole gumba.

Nilikuwa nimezoea. Fundi wa mitambo huitwa wakati wengine wote wameshindwa. Akifika, watu humwonyesha mlango wa chumba cha umeme, wanamwambia karibu, kisha kila mmoja anaenda zake. Nimekaa sehemu kubwa ya maisha yangu ndani ya vyumba vya namna hiyo, nikisikiliza mashine ikinguruma upande wa pili wa ukuta na watu wakicheka mahali nisipowaona.

Pale Kitale nilimkuta meneja wa ghala amesimama mlangoni. Alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, aliyekuwa hajalala vizuri. Alinieleza kwamba stima ilipotea kwa muda mrefu, na iliporudi draya haikuwaka. Alinipeleka mbele ya skrini.

Ilikuwa skrini ndogo ya opereta, ya zamani, yenye vitufe pembeni. Hapo ndipo mhudumu wa draya aliposoma joto na unyevu wa mahindi, na hapo ndipo alipobonyeza kuwasha feni na kichomeo. Sasa ilionyesha mstari mmoja tu, kwamba haina programu. Niliifungua nyuma nikakuta betri yake imekufa. Skrini za aina ile huhifadhi programu kwa nguvu ya betri ndogo, na stima ikikatika wakati betri imeisha, kila kitu kinafutika. Draya yenyewe ilikuwa nzima. Kisanduku kinachoongoza mota kilikuwa kizima. Ni skrini tu iliyosahau kazi yake, na bila skrini hapakuwa na njia ya kuiambia draya ianze.

Nilimpigia bosi wangu Eldoret. Akaniambia sisi hatuna programu ile. Mtu aliyefunga draya ni mzee mmoja wa Bungoma, Mhindi wa Singasinga, aliyekuwa na duka la kutengeneza mota, na kama programu ipo mahali popote duniani basi iko kwake. Akanipa namba.

Mzee alipokea simu kabla haijalia mara ya pili. Nilimweleza. Akasema kwa Kiswahili cha kwetu kabisa, "Leta hiyo kitu hapa, fundi. Program yake iko."

Nikaitoa skrini kwenye mlango wa kabati, nikaifunga kwa gunia safi ndani ya boksi, nikarudi nayo Bungoma.

Duka lilikuwa kwenye barabara ya zamani, ghorofa ya chini, na juu yake ndiko mzee alikokaa. Alizaliwa humo juu. Alikuwa mrefu, amepinda kidogo, ndevu nyeupe na kilemba cha bluu kilichofungwa kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba anatarajia wageni. Duka lenyewe lilikuwa limekwisha kuacha kuwa duka. Mota zilizovuliwa waya zilikaa sakafuni, rafu zilikuwa na vumbi, na kwenye kaunta palikuwa na kiti kirefu ambacho hakuna aliyekikalia. Baadaye aliniambia kilikuwa cha mke wake, aliyekuwa akipokea wateja kwa lugha nne na kukumbuka mota ya kila mtu. Alikuwa amefariki. Watoto walikuwa ng'ambo, mmoja Kanada na wengine Uingereza. Walimpigia Jumapili kwa video, akawaona wakikwama na kuachama kila mtandao ulipolegea.

Pembeni, chini ya kitambaa, palikuwa na kompyuta kubwa ya zamani, ile yenye soketi ya pini tisa nyuma ambayo laptopu za siku hizi hazina tena. Iliwaka. Ilichukua muda wake, ikapiga kelele kama mtu anayekohoa, lakini iliwaka. Mzee alifungua folda, akanionyesha programu ya draya ya Kitale. Nilihisi mabega yangu yakishuka. Nilidhani kazi imekwisha.

"Tatizo ni kebo," akasema. Kebo ya kuunganisha kompyuta na skrini haikuwapo. Alisema labda aliazima mtu, labda ilitupwa. Si neno, nikamwambia, tutatengeneza nyingine. Kebo ya namna ile ni waya chache tu: mmoja wa kutuma, mmoja wa kupokea, na mmoja wa kuziunganisha pande zote mbili na ardhi moja. Nilikuwa nimetengeneza nyingi.

Nikabadilisha betri kwanza, nikaipa skrini umeme pale mezani, nikawasha chuma cha solda. Kebo ya kwanza niliiunganisha pini kwa pini. Nikaiambia kompyuta itume. Ikangoja, kisha ikaandika kwamba hakuna jibu. Nikazipishanisha waya, wa kutuma huku uingie wa kupokea kule. Hakuna jibu.

Wakati kama huo inabidi uache kubahatisha, uanze kuuliza upande mmoja mmoja. Niliichomoa skrini, nikaunganisha pini ya kutuma na ya kupokea za kompyuta kwa kipande cha waya, ili kila inachotuma kiirudie yenyewe. Nikaandika kwenye kibodi "habari ya asubuhi". Kwenye kioo ikarudi "habari ya asubuhi". Basi kompyuta ilikuwa nzima, soketi yake ilikuwa nzima.

Mzee alikuwa ameinama nyuma yangu. Akacheka kidogo. Akasema hata yeye hufanya hivyo kila siku huko juu, anasalimia na kujijibu.

Nikachukua mita. Upande wa skrini nilipima pini moja baada ya nyingine. Waya unaotuma, hata ukiwa kimya, hukaa na volti hasi, na kwa njia hiyo nikaujua ni upi. Skrini pia ilikuwa hai. Kompyuta ilisema, skrini ilikuwa na mdomo na sikio, na bado hazikusikizana. Nilihisi kuna pini nyingine ambayo ilitaka kuunganishwa na kitu fulani ili skrini ijue kwamba inaongea na kompyuta na si na draya. Lakini pini gani, na kitu gani? Kitabu chake hakikuwapo dukani. Kwenye simu nilitafuta mpaka macho yakauma, nikapata picha za skrini za ukoo huo lakini si ile.

Siku hiyo ilipita. Nikarudi Kibabii, nikapika ugali. Sijawahi kujua kupika ugali wa mtu mmoja. Mkono wangu ulijifunza kupikia nyumba yenye watu, na kila jioni hubaki kipande ambacho asubuhi nakikata na kukikaanga.

Kesho yake nikaenda tena, na kesho kutwa yake. Mzee alikuwa akinisubiri mlangoni. Meza alikuwa ameipangusa. Kabla sijagusa chombo, chai ilishuka kutoka juu, nyeusi kwa majani na kali kwa tangawizi, aliyoichemsha mwenyewe, na saa ya chakula alishusha chapati na dengu akiwa amefunika kwa sahani nyingine. Tulijaribu mpangilio huu wa pini na ule. Tulibadilisha kasi ya mawasiliano, tukaanza ya chini kabisa tukapanda. Katikati ya majaribio alisimulia. Alinieleza jinsi alivyokuwa akisuka upya waya za mota za vinu vya posho kutoka Kabuchai, watu wakizileta kwa baiskeli. Alinieleza kuhusu sala za Jumapili huko Kitale, alipokuwa bado anaendesha gari, na jinsi safu ya viatu nje ya hekalu ilivyozidi kuwa fupi. Aliniuliza kuhusu Ndalu, nikajikuta namweleza. Sikuwa nimemweleza mtu mambo ya Ndalu kwa muda mrefu. Alisikiliza bila kunipa shauri, akashika ncha ya waya nilipohitaji mkono wa tatu.

Nilikuwa nimeanza kuondoka Kibabii mapema kuliko ilivyohitajika. Hilo nililijua.

Lakini simu ya meneja nayo haikukoma. Hakuwa mtu wa kufoka. Alinipa habari tu. Magunia yalikuwa yamejaa ghala na mengine yako nje. Mahindi ya ndani yameanza kupata joto. Kuna mama ameleta mahindi yake yote kwa mkokoteni wa punda, amekataa kurudi nayo nyumbani, amekaa kwenye lango. "Madam, hii mvua si ya kuchezea," akaniambia mara ya mwisho. "Niambie tu ukweli, itapona ama haiponi?"

Nilimwambia sijui. Nilikata simu nikakaa. Nikamwambia mzee itabidi nimpigie bosi wangu niseme nimeshindwa, watafute skrini mpya kutoka nje, na hiyo ikifika msimu utakuwa umekwisha.

Mzee alikuwa amesimama upande wa pili wa kaunta. Kisha akainama polepole, akashika ukingo wa kaunta kwa mkono mmoja, na alipoinuka alikuwa na kebo ya kijivu iliyokunjwa vizuri na kufungwa kwa uzi. Akaiweka juu ya meza mbele yangu.

"Hii ndiyo yake," akasema.

Niliitazama. Upande mmoja ulikuwa na soketi ya pini tisa ya kompyuta, upande mwingine kichwa kilichoingia kwenye skrini ile kama ufunguo kwenye kufuli lake.

"Umeipata wapi?"

"Haikupotea."

"Tangu siku ya kwanza?"

Akakubali kwa kichwa. Hakunitazama. "Ukipata hii, utafunga boksi uende," akasema. "Nilifikiria, siku moja tu. Halafu ikakuwa ingine."

Nilikuwa na maneno mengi. Niliyoyatoa yalikuwa machache. Nilimwambia, "Mzee, kuna mama amekaa kwenye lango na mahindi yake yananyeshewa." Akasema anajua, alikuwa akinisikia nikiongea kwenye simu. Nikamuuliza kama alijua mbona aliendelea. Akaisukuma kebo karibu zaidi nami.

Nikachomeka kebo. Nikaiambia kompyuta itume. Ule mstari mdogo kwenye kioo, ambao siku zote zile haukuwahi kusogea, ulianza kujaa kutoka kushoto, polepole, bila kusita. Ulipojaa, skrini ilijizima, ikawaka, ikaonyesha picha ya draya yenye feni na kichomeo na namba zake. Tuliitazama sote wawili. Katika siku nyingine yoyote tungeshikana mikono.

Nilifunga boksi. Chai ilikuwa mezani, sikuinywa. Nilimwambia asante kwa programu, na nikaondoka bila kugeuka, ingawa nilijua amesimama mlangoni.

Kitale nilifika mvua ikiwa imepumzika. Meneja alinibebea boksi mwenyewe. Nikairudisha skrini kwenye mlango wa kabati, nikaunganisha, nikaiwasha, na feni ya draya ikazunguka kwa mara ya kwanza baada ya siku hizo zote. Watu walitoka kwenye ghala kuja kusikia. Yule mama wa mkokoteni alisimama akapangusa mikono kwenye leso yake.

Ila kazi haikuwa imeisha. Skrini ile ilikuwa na waya mwingine, mrefu, uliopita kwenye ukuta mpaka kompyuta ya ofisini, ambako karani aliweka kumbukumbu ya joto na unyevu wa kila mzigo. Bila kumbukumbu hizo wanunuzi wakubwa hawakuchukua mahindi. Na kwenye kompyuta ya ofisini, mahali pa namba palikuwa pamejaa takataka: alama za ajabu, herufi zilizopasuka, viboksi vitupu.

Takataka ni habari njema kuliko ukimya. Maana yake waya unapitisha kitu, ila pande mbili hazisomi kwa kasi moja. Programu aliyokuwa nayo mzee ilikuwa ya mwanzo, kabla mtu mwingine hajabadilisha kasi pale ofisini. Nilibadilisha upande wa kompyuta, nikajaribu kasi moja na nyingine, mpaka takataka zikageuka namba. Karani akashusha pumzi. Kisha mhudumu akawasha feni tena, na namba zikakatika. Akizima feni, zinarudi. Akiwasha, zinakatika.

Nikajua waya umelazwa karibu na waya wa feni, na kelele ya mota inaingia ndani yake. Lakini umelazwa wapi? Ukuta ulikuwa mrefu na umepigwa plasta. Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua.

Nilitoka nje nikasimama kando ya maturubai. Nilikuwa bado na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa na kitu kingine ndani yake ambacho sikutaka kukigusa. Nilifikiri kuvunja plasta ya ukuta mzima kuliko kupiga simu ile. Ndipo nikaona wanaanza kupandisha gunia la kwanza, nikapiga.

Alipokea mara moja. Nilimweleza tatizo kama ningemweleza mtu wa kampuni, bila habari yako wala salamu. Alinisikiliza, akasema, "Hapo ni mimi. Nililaza hiyo waya pamoja na ya feni, njia moja. Nilikuwa na haraka." Kisha akasema nisivunje ukuta, anakuja.

Nikamwambia haina haja, anieleze tu. Akasema hawezi kueleza, lazima aone. Sikujua kama ni kweli ama ni ile kebo tena. Lakini alikodi gari akaja, na kabla jua halijaegemea alikuwa ameshuka pale langoni akiwa na fimbo ya kutembelea na mkoba wake wa vyombo, ambao dereva alimshikia.

Kitu cha kwanza alichofanya hakikuwa kuniangalia mimi wala ukuta. Alimtafuta meneja. Mbele yangu na mbele ya karani akamwambia, "Kuchelewa kwote ilikuwa yangu. Fundi alifanya kazi yake. Kebo nilikuwa nayo, nikaficha."

Meneja alimgeukia. Niliogopa. Alikuwa na haki ya kusema lolote, na magunia yenye joto yalikuwa nyuma yake yakimshuhudia. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Uliificha kwa nini, mzee?"

Mzee akasema nyumba yake imekuwa kubwa.

Meneja akageuka, akamwambia karani alete kiti.

Tulifanya kazi alasiri nzima. Mzee alikaa kwenye kiti akinielekeza kwa fimbo: ukuta hapa, kona pale, chimba kidogo hapo. Alikumbuka karibu yote, ingawa mahali pamoja alikosea na nikatoboa tundu ambalo halikuwa na kitu, akasema ukuta umehama. Tulitoa waya wa mawasiliano kutoka njia ya feni, tukaupitisha juu, kwenye mbao za dari, mbali na stima yote. Ule wavu wa chuma unaozunguka waya niliufunga kwenye ardhi upande mmoja tu, si pande zote mbili kama alivyokuwa amefanya yeye. Aliuliza kwa nini, nikamweleza kwamba ukifungwa pande zote mbili wenyewe huwa njia ya kelele. Akafikiri, akasema, "Sawa. Sisi tulikuwa tunafunga tu."

Feni ikawashwa. Namba zikakaa. Karani alingoja, tukangoja wote, na zikaendelea kukaa, zikipanda taratibu jinsi joto lilivyopanda. Mahindi ya yule mama yaliingia katika mzigo wa kwanza. Si yote yaliyopona ghalani. Magunia ya nyuma yalikuwa na kuvu, yakatengwa kwa chakula cha ng'ombe. Meneja hakulitaja mbele ya mzee, lakini alinionyesha, na nadhani mzee aliona.

Nilimsindikiza mpaka kwenye gari. Alishika mlango akasema, "Umekasirika na mimi." Nikamwambia ndiyo. Akasema ni sawa. Nikamwambia, kabla sijafikiri, kwamba angeniita tu. Angesema njoo unywe chai, ningekuja. Alitabasamu kama mtu aliyesikia jambo zuri lililochelewa.

"Mtu ataitaje fundi na hakuna kitu imeharibika?" akauliza.

Jumamosi ile nilikwenda, na karibu kila Jumamosi baada ya hapo. Hatukutengeneza kitu. Wakati mwingine tuliketi bila kusema mengi, yeye upande wake wa kaunta, mimi kwenye benchi. Nilileta nyanya na ndizi kutoka sokoni, alinifundisha kupika dengu. Mara moja tulifungua mota ya zamani ili tu nione alivyokuwa akihesabu mizunguko ya waya kwa vidole, akiimba kwa sauti ya chini kwa lugha yake. Nilikuwa nikirudi Kibabii wanafunzi wakinisalimu, "Sasa, madam," nikiwaitikia nikiwa na kitu cha kufikiria.

Haikudumu. Alianguka kwenye ngazi. Hakuvunjika, ila watoto walisikia, wakashauriana huko waliko, na binti yake wa Kanada akaja kumchukua. Alikuwa mwanamke mkarimu, mwenye haraka ya mtu aliyeomba ruhusa kazini. Alinishukuru sana kwa kuwa karibu na baba yake, akaniuliza mimi ni nani kwake hasa. Nikasema mimi ni fundi. Duka likafungwa. Mota zilichukuliwa na wauza chuma chakavu. Mzee alitaka niichukue kompyuta, nikaichukua, ikajaza nusu ya chumba changu.

Siku ya kuondoka sikwenda kumsindikiza. Nilikuwa Kitale kwenye kiwanda cha maziwa, pampu imegoma, na yeye alikuwa amenikataza kuacha kazi. Alinipigia akiwa njiani. Kulikuwa na kelele nyingi ndani ya gari, watu wakiongea, mizigo ikigongana. Aliniuliza ninafanya nini. Nikamwambia napima sensa ya joto ya pampu. Akauliza inasoma ngapi. Nikamwambia. Akasema, "Hiyo si mbaya," na simu ikakatika.

Alipiga mara kadhaa kutoka huko. Mwanzoni alikuwa na mambo ya kusimulia, theluji na mashine ya kufulia inayoongea. Alisema anatembea barabarani hadi mwisho wa mtaa na kurudi, na watu ni wazuri, wanatabasamu, ila hakuna anayemuuliza umetoka wapi. Baadaye simu zilipungua. Mara ya mwisho hakukumbuka ni asubuhi ama jioni kwangu, na alinichanganya kidogo na mtu mwingine, kisha akanirudia, akacheka, akaniambia mvua ikinyesha Kabuchai nimwambie.

Kwetu Kibabii ilikuwa inanyesha wakati huo huo. Nilisogea mlangoni, nikainyoosha simu kwenye mvua ili asikie mabati. Nilipoirudisha sikioni ilikuwa imekatika, na sikujua alikuwa amesikia kiasi gani. Nilingoja kidogo kama atapiga tena. Wanafunzi walikuwa wamekwenda likizo, na maji yalikuwa yakikusanyika uani mahali ambapo hakuna aliyepita.